Kumzoesha fereti mchanga

Kumzoesha fereti mchanga ni kazi ya kumshika, kumbeba na kumfundisha mtoto wa fereti tangu wiki zake za kwanza ili akubali mkono wa binadamu bila kuung'ata. Fereti (jina la kisayansi: Mustela furo) ni mnyama mdogo mla nyama anayefugwa hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ama kwa ajili ya kuwinda sungura, ama kama mnyama wa nyumbani.

Fereti aliyezoeshwa vizuri ni mnyama mcheshi na mdadisi, anayeweza kulala mikononi mwa mwenyewe. Asiyezoeshwa huweza kung'ata hadi kutoa damu. Kung'ata ni miongoni mwa sababu zinazowafanya watu wamchoke fereti wao na kumpeleka kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, au hata kumwua. Mara nyingi mnyama huyo hana kasoro yoyote: alichokosa ni mafunzo katika miezi yake ya mwanzo.

Msingi wa mafunzo yote ni kuelewa kwamba mtoto wa fereti hang'ati kwa ubaya. Hung'ata kwa sababu ndivyo anavyocheza na ndugu zake, ambao ngozi yao ni nene. Ngozi ya binadamu ni nyembamba, na mtoto huyo hawezi kulijua hilo mpaka afundishwe.

Maelezo ya mnyama

Fereti yumo katika familia ya Mustelidae, pamoja na wanyama wanaojulikana Afrika ya Mashariki kama vile kicheche, nyegere na fisi-maji. Ametokana na kicheche wa Ulaya (Mustela putorius), ambaye bado anaishi porini. Ufugaji wake ni wa zamani sana, na inakadiriwa kwamba ulianza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mwili wake ni mrefu na mwembamba, miguu ni mifupi na shingo ni nene. Dume huwa na uzito wa kilo 1 hadi 2. Jike ni mdogo zaidi na mara nyingi hafikii kilo 1. Fereti mzima ana meno 34, yakiwemo machonge manne marefu ya kumshikilia na kumwua windo. Macho yake hayaoni mbali, lakini pua na masikio ni makali. Kwa hiyo mkono unaomjia ghafla anaweza asiutambue kwa macho, bali huuchunguza kwa pua na, kama bado hajafundishwa, kwa meno.

Fereti hulala sana, hata saa 14 hadi 18 kwa siku, halafu huamka akiwa na nguvu nyingi. Ni mla nyama halisi: utumbo wake ni mfupi, chakula hupita ndani yake kwa saa chache tu, na hivyo hula mara nyingi kwa siku. Mambo haya mawili, usingizi mzito na njaa ya mara kwa mara, yana uhusiano wa moja kwa moja na kung'ata, kama inavyoelezwa hapa chini.

Historia

Jina la fereti latokana na neno la Kilatini lenye maana ya "mwizi mdogo", kutokana na tabia yake ya kubeba vitu na kuvificha.

Mwanajiografia Mgiriki Strabo, aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto, aliandika kwamba watu wa Hispania walitumia wanyama wa aina hii waliotoka Afrika ya Kaskazini ili kupambana na sungura walioharibu mimea. Wanyama hao walifungwa mdomo kabla ya kuingizwa katika mashimo ya sungura. Inaonekana basi kwamba tatizo la meno ya fereti ni la kale kama ufugaji wenyewe, na kwamba suluhisho la kwanza lilikuwa kuyafunga.

Katika Uingereza uwindaji wa sungura kwa fereti ulienea katika karne za kati na unaendelea hadi leo. Wawindaji hutega nyavu ndogo kwenye milango ya mashimo, kisha humwingiza fereti. Sungura hukimbia na kunaswa wavuni. Fereti mwenyewe akitoka, mwindaji humwokota kwa mkono.

Hapo ndipo thamani ya mafunzo huonekana. Fereti anayeuogopa mkono husimama kwenye mlango wa shimo, akauona mkono unakuja, akarudi ndani. Akimwua sungura huko chini anaweza kula, akashiba na kulala, na mwindaji akalazimika kungoja kwa saa nyingi au kuchimba. Kwa hiyo wawindaji wazoefu huanza kuwashika watoto wa fereti mapema kila siku, miezi mingi kabla ya kuwapeleka mawindoni.

Katika karne ya 20 fereti aliingia pia katika maabara. Mwaka 1933 huko London, wanasayansi Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw waliwaambukiza fereti homa ya mafua kutoka kwa binadamu na hivyo kuthibitisha kwamba ugonjwa huo husababishwa na virusi. Baadaye mtafiti mmoja aliambukizwa baada ya fereti mgonjwa kumpigia chafya usoni. Mwaka 1971 fereti jike aliyeitwa Felicia alitumika katika maabara ya fizikia karibu na Chicago: alipita ndani ya mabomba marefu akiburuta uzi, ambao baadaye ulitumika kuvuta vifaa vya kuyasafisha. Kazi za namna hii haziwezekani kwa mnyama asiyekubali kushikwa.

Ukuaji wa mtoto

Fereti jike hubeba mimba kwa muda wa siku 42 hivi na kuzaa watoto wengi, mara nyingi karibu 8. Wanapozaliwa ni vipofu, viziwi, na kila mmoja ana uzito wa takriban gramu 10 tu.

Katika siku za mwanzo kiota hakiguswi bila sababu ya lazima, kwa kuwa mama aliyesumbuliwa anaweza kuwaacha watoto wake au hata kuwala. Baadaye, mama akishatulia, mfugaji huweza kuwashika watoto kwa muda mfupi wakati mama ametoka kwenda kula.

Meno ya utotoni huanza kutokeza katika wiki ya tatu, na watoto huanza kutafuna nyama laini wakiwa bado hawajafumbua macho. Macho na masikio hufunguka kati ya wiki ya nne na ya tano. Kuanzia hapo watoto hucheza kwa kukamatana shingo, kuviringishana na kuburutana. Mchezo huo ni shule. Mtoto anayeng'ata kupita kiasi hupigiwa kelele na ndugu yake, au ndugu huacha kucheza naye, au mama huingilia kati. Polepole hujifunza kupima nguvu ya taya zake.

Machonge ya kudumu huota karibu na wiki ya saba. Kwa siku kadhaa machonge ya zamani na mapya huweza kuonekana pamoja, na ufizi huwasha. Watoto huachishwa ziwa kati ya wiki ya sita na ya nane. Kumtenga mtoto na mama na ndugu zake kabla ya wiki ya nane si jambo zuri, kwa sababu humnyima masomo hayo ya mwanzo. Mtoto anayenunuliwa akiwa mdogo kupita kiasi na kuwekwa peke yake mara nyingi huwa mng'ataji kuliko aliyekua na wenzake.

Sababu za kung'ata

Kabla ya kurekebisha tabia ni lazima kujua chanzo chake. Sababu zinazojulikana zaidi ni hizi:

Mchezo. Mtoto hukimbilia mkono au kidole cha mguu, hukikamata, huachia na kurukaruka. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote.

Kuota kwa meno. Mtoto hutafuta kitu cha kutafuna ili kutuliza ufizi.

Njaa. Fereti mchanga akikaa saa kadhaa bila chakula hujaribu kila kinachokaribia mdomo wake. Vidole vyenye harufu ya nyama, au ya sungura na panya waliofugwa, humchanganya zaidi.

Woga. Mtoto ambaye hakushikwa na watu huuona mkono kama adui. Kung'ata kwa woga huwa kwa nguvu na bila kuachia.

Kuamshwa ghafla. Usingizi wake ni mzito, na anayeguswa bila taarifa huamka akiwa tayari kujihami.

Kujifunza vibaya. Ikiwa kila anapong'ata huwekwa chini na kuachwa huru, hugundua kwamba meno ni njia ya kupata anachotaka.

Maumivu au ugonjwa. Fereti mpole anayebadilika ghafla na kuanza kung'ata apelekwe kwa daktari wa mifugo. Ugonjwa wa tezi za juu ya figo, unaowapata hasa fereti waliovuka utoto, huweza kuleta ukali.

Majira ya kuzaana. Madume wasiohasiwa huwa wakali zaidi wakati huo, na jike mwenye watoto wachanga hukilinda kiota chake.

Kusoma dalili

Fereti huonyesha hali yake kabla ya kutumia meno. Anayecheza hurukaruka kando na kinyumenyume, amekunja mgongo, mdomo wazi, akitoa sauti ndogo za kukokoreka. Mtu asiyemzoea hudhani kwamba amekasirika, kumbe anafurahi.

Anayeogopa hutoa sauti kama ya nyoka, hurudi nyuma au kujibanza pembeni, na manyoya ya mkia husimama mpaka mkia ukafanana na brashi ya chupa. Aliyeogopa sana hupiga mayowe na huweza kutoa harufu kali kutoka tezi zilizo karibu na mkundu. Mnyama aliye katika hali hii asishikwe kwa mkono mtupu. Aachwe kwanza atulie.

Namna ya kumshika

Mtoto hushikwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja hupita chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Wa pili hubeba makalio na miguu ya nyuma. Mgongo wake ni mrefu, na akining'inizwa kwa kifua tu hujisikia anaanguka, huanza kujinyonganyonga, na huenda akang'ata. Akiegemezwa kifuani kwa mtu hutulia haraka.

Mkono umwendee kutoka ubavuni, katika kimo chake, polepole na bila kusita. Mkono unaotoka juu hufanana na ndege mwindaji. Mkono unaosogea kisha ukarudi nyuma kwa hofu hufanana na windo linalokimbia, nao humwita mnyama aufuate. Kwanza fereti aitwe kwa jina au kwa sauti moja isiyobadilika, ili ajue kwamba mtu anakuja.

Njia ya pili ni kumshika kwa ngozi legevu ya kisogoni, ile ambayo mama hutumia kubeba watoto wake. Akishikwa hivyo fereti wengi hulegea na kupiga miayo. Njia hii hufaa wakati wa kukata kucha, kutoa dawa au kumtoa kwenye kidole alichokishika. Makalio yabebwe kwa mkono wa pili, na asitikiswe. Haifai iwe njia ya kila siku ya kumbeba, kwa kuwa humzuia tu bila kumfundisha.

Glavu nene hutumika kwa mnyama mkali ambaye tabia yake haijulikani. Kwa mtoto mchanga hazisaidii sana: mkono hupoteza wepesi wake, na mtoto huzoea harufu ya ngozi ya glavu badala ya harufu ya mtu. Tena huzoea kutafuna mkono uliovaa glavu, na siku mkono unapokuja mtupu huutafuna vilevile.

Hatua za mafunzo

Mafunzo ya vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi hufaulu kuliko kipindi kimoja kirefu. Dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku, zinatosha kwa mtoto wa wiki nane.

1. Kuzoea harufu. Katika siku za kwanza kitambaa kilichovaliwa na mfugaji huwekwa mahali anapolala mtoto. Harufu ya mtu huunganika na joto na usalama.

2. Kushikwa akiwa ameshiba na ametulia. Mtoto aliyeamka sasa hivi ana njaa na nguvu nyingi. Apewe kwanza chakula na nafasi ya kukimbia. Anapoanza kuchoka ndipo abebwe, akandwe mgongo na masikio, kisha arudishwe kabla hajaanza kuhangaika.

3. Kuunganisha mkono na jambo zuri. Kipande kidogo cha nyama iliyopikwa, kiini cha yai au tone la mafuta ya samaki hutolewa wakati mtoto anaposhikwa bila kung'ata. Vitu vya sukari havifai kwa mnyama huyu. Chakula kisipitishwe kwa vidole katikati ya nyaya za tundu, maana atajifunza kwamba chochote kinachopita hapo ni cha kuliwa. Ni bora kutumia kijiko au bakuli. Wengine hupaka mafuta nyuma ya mkono ili mtoto alambe. Njia hii hufaa kwa mtoto ambaye tayari ameanza kuacha kung'ata, si kwa anayeng'ata kila kitu.

4. Kumpa kitu halali cha kung'ata. Mchezo wa mieleka hauchezwi kwa mkono mtupu. Kitambaa kilichofungwa fundo, mpira mgumu au mdoli wa nguo huwekwa kati ya mkono na mdomo. Vitu vya mpira laini au sifongo haviruhusiwi, kwa sababu fereti humeza vipande na utumbo wake ukaziba.

5. Kuongeza watu. Mtoto aliyezoea mtu mmoja bado hajazoea watu. Akishatulia kwa mfugaji wake, ashikwe na watu wazima wengine wa nyumbani, kila mmoja kwa kufuata kanuni zile zile.

Kanuni zile zile ndilo jambo gumu zaidi. Nyumba ambamo baba anamkataza mtoto wa fereti kung'ata, na kaka anamchezesha kwa vidole huku akicheka, haitapata mnyama mpole. Fereti hawezi kutofautisha kidole cha mchezo na kidole cha marufuku.

Mtoto anayeng'ata: nini kifanyike

Anapong'ata kwa mchezo, mkono husimama tuli. Kuuvuta kwa nguvu huchana ngozi, kwa sababu machonge yamepinda kwenda nyuma, na humfanya azidi kukaza. Neno moja fupi, kama "Hapana" au "Acha", hutamkwa kwa sauti thabiti bila kupiga kelele. Kisha mdomo wake huelekezwa kwenye kitu chake cha kuchezea.

Akirudia, mchezo husimamishwa. Huwekwa katika tundu dogo lisilo na kitu cha kuchezea kwa dakika mbili au tatu, kisha hutolewa na kuanza upya. Fereti anapenda mno kucheza na kuona yanayotokea, hivyo kukoseshwa mchezo ni somo analolielewa. Tundu hilo lisiwe lile analolala, lisije likawa kwake gereza. Muda usizidi, maana baada ya dakika chache hukumbuki tena kosa, hulala.

Iwapo ameng'ata na haachii, hashikwi kwa hasira wala kuvutwa. Hushikwa kisogoni huku mwili ukiwa umebebwa, na kwa kawaida taya hulegea. Akiwekwa sakafuni miguu yote minne ikagusa chini, wengine huachia wenyewe kwa kuwa wamepata pa kukimbilia. Ila mtoto anayeng'ata ili awekwe chini asipewe ushindi huo: hushikwa mpaka atulie, hata kwa sekunde kumi, ndipo ashushwe.

Maendeleo huonekana kwa hatua. Kwanza mng'ato huwa mwepesi, halafu huwa mgusano wa meno bila kubana, kisha huwa ulambaji. Watoto wengi hufika hapo katika wiki kadhaa wakishikwa kila siku. Wengine huhitaji miezi. Katika safari hiyo huwa na siku za kurudi nyuma, hasa wakati meno yanapoota na wakati mnyama anapobalehe.

Adhabu

Vitabu vya zamani na baadhi ya wafugaji walishauri kumpiga fereti kidole puani, kumtikisa au kumrushia kitu. Ushauri huo sasa hukataliwa na wengi. Pua ya fereti ni laini na huumia kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mtoto aliyeng'ata kwa mchezo akipigwa hujifunza kwamba mkono unaumiza, na kesho yake atang'ata kwa woga. Kosa dogo limegeuzwa kuwa kubwa.

Kwa mtoto aliyekwisha kuteswa, mafunzo huanza upya kutoka hatua ya harufu, na mkono hutumika tu kuleta chakula na kuondoka. Kazi ni ndefu, lakini hufanikiwa mara nyingi.

Hali za pekee

Fereti viziwi. Baadhi ya fereti wenye kichwa cheupe au mlia mweupe kichwani huzaliwa viziwi. Hawasikii kelele za ndugu zao, kwa hiyo hukua wakiwa wameng'ata kwa nguvu zaidi. Neno "Hapana" halina maana kwao. Hufundishwa kwa ishara za mkono, na huamshwa kwa kupulizia pumzi polepole au kwa kutikisa kidogo kitambaa wanacholalia, ili wanuse kabla ya kuguswa.

Fereti wakubwa. Methali ya Waswahili husema "Samaki mkunje angali mbichi", na kweli mtoto hufundishika upesi kuliko mzima. Hata hivyo, tofauti na samaki, fereti aliyekomaa bado anakunjika. Vituo vinavyowapokea fereti waliotelekezwa huwafundisha hata wenye miaka mitatu au minne kwa njia hizi hizi, kwa subira kubwa zaidi. Kuhasiwa hupunguza ukali wa madume.

Usalama na afya

Fereti, hata aliye mpole, haachwi peke yake na mtoto mchanga wa binadamu. Kumetokea visa ambapo fereti waliwajeruhi vibaya usoni watoto waliolala. Watoto wadogo wanaojifunza kumshika wakae chini sakafuni, mtu mzima akiwa karibu, na mnyama asiinuliwe usawa wa uso.

Jeraha la kung'atwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya, hasa kama jeraha ni la kina, liko usoni au mkononi, au chanjo za mnyama hazijulikani. Fereti anaweza kupata kichaa cha mbwa kama mamalia wengine. Marekani chanjo ya ugonjwa huo kwa fereti iliidhinishwa mwaka 1990. Hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka.

Ugonjwa wa distempa, unaojulikana kwa mbwa, karibu daima humwua fereti anayeupata. Mwenye mbwa wagonjwa anaweza kuuleta kwa viatu na nguo zake, kwa hiyo chanjo ni muhimu kabla ya kumzungusha mtoto kwa watu wengi. Mtu mwenye mafua naye asimshike fereti, kwa kuwa ugonjwa huo huvuka kwa pande zote mbili.

Sheria na mahali pa kufugwa

Si kila nchi inaruhusu fereti. Jimbo la California na lile la Hawaii nchini Marekani hukataza kumfuga kama mnyama wa nyumbani. Nyuzilandi ilileta fereti katika karne ya 19 ili kupunguza sungura, lakini walienea porini na kuwaua ndege wa asili, wakiwemo kiwi. Tangu mwaka 2002 ni marufuku kuwauza, kuwazalisha au kuwafuga huko. Katika Australia, Queensland na Eneo la Kaskazini huwakataza pia. Fereti aliyezoeshwa vibaya na kuachiliwa porini si hasara ya mwenyewe peke yake.

Katika Afrika ya Mashariki fereti si mnyama wa asili na hakuna desturi ya kumfuga. Jamaa zake wanaopatikana huko, kama kicheche na nyegere, ni wanyamapori. Maelezo ya makala hii hayawahusu: fereti ana nyuma yake vizazi vingi vya kufugwa, nao hawana. Mtoto wa kicheche anayeokotwa shambani haachi kuwa mnyama wa porini kwa kushikwashikwa, na sheria za wanyamapori hazimruhusu mtu kumweka nyumbani bila kibali. Mtu aliyeng'atwa na mnyama kama huyo aoshe jeraha kama ilivyoelezwa hapo juu na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.